Somo: Kuunda kichujio cha wastani unaosogea katika Pure Data

Somo hili linawahusu wanachama ambao tayari wanaweza kufungua mchoro mpya katika Pure Data, kuweka visanduku na kuviunganisha kwa waya, lakini hawajawahi kuunda kichujio chao wenyewe, yaani mchoro unaopunguza baadhi ya milio na kuacha mingine. Pure Data ni programu huria ya kutengeneza na kuchakata sauti, iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, na visanduku vyote nitakavyovitaja vimo katika toleo lake la kawaida, kwa hiyo hakuna nyongeza yoyote ya kupakua. Hesabu zangu zinachukulia kwamba kompyuta yako inasoma sampuli (vipimo vya mawimbi ya sauti) 44100 kwa sekunde. Hakikisha hilo katika mipangilio ya sauti kabla ya kuendelea.

Wastani unaosogea ni hesabu rahisi: kila sampuli inayotoka ni wastani wa sampuli N za mwisho zilizoingia. Wengi huchagua N kwa kubahatisha, wakiongeza hadi mchoro wa mawimbi uonekane laini. Mimi naona huko ni kupoteza sifa bora ya kichujio hiki, kwa kuwa kinafuta kabisa masafa (idadi ya mizunguko kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) ambayo mzunguko wake mmoja unaenea sawasawa ndani ya dirisha la wastani, pamoja na vigawe vyake vyote. Dirisha la milisekunde 20 linafuta hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na mngurumo wake huingia kwa urahisi kwenye waya wa maikrofoni usiokingwa vizuri. Hivyo basi, chagua kwanza masafa unayotaka yafutike, kisha N itajitokeza yenyewe: 44100 gawanya kwa 50 ni 882.

Hatua ya kwanza: kichujio kidogo cha kuelewea

Weka kisanduku cha noise~, kiunganishe na kisanduku chenye maandishi yafuatayo, kisha upeleke matokeo kwenye *~ 0.1 (kupunguza sauti) na dac~ (kuitoa kwenye spika):

fexpr~ ($x1[0]+$x1[-1]+$x1[-2]+$x1[-3])/4

Utasikia mvumo wa noise~ ukipungua ukali wake wa juu, kwa sababu wastani wa sampuli nne unafuta hezi 11025 na hezi 22050. Njia hii inasomeka vizuri, lakini haifai kwa N kubwa. Kwanza, fexpr~ inarudia hesabu nzima kwa kila sampuli, jambo linaloichosha kompyuta. Pili, kwa kawaida haiwezi kurudi nyuma zaidi ya sampuli 64, ambazo ndizo fungu moja la kazi la Pure Data. Tena, ni nani atakayekaa kuandika vipengele 882 kwa mkono?

Hatua ya pili: kichujio chenyewe

Jumla ya sampuli 882 haihitaji kuhesabiwa upya kila mara. Inatosha kuongeza sampuli mpya inayoingia na kutoa ile kongwe inayotoka dirishani, kama foleni ambayo mmoja akiingia nyuma, mwingine anatoka mbele. Fungua mchoro mpya, uuhifadhi kwa jina la wastani20.pd, na uweke visanduku hivi:

Weka inlet~ juu kabisa. Itoe waya mbili, moja iende kwenye delwrite~ $0-mstari 100 na nyingine iende kwenye tundu la kushoto la -~. Pembeni weka delread~ $0-mstari 20, ambayo inasoma ishara ileile iliyocheleweshwa kwa milisekunde 20, uipitishe kwenye *~ 0.991219, kisha uiingize kwenye tundu la kulia la -~. Kinachotoka kwenye -~ kiende kwenye rpole~ 0.99999, kutoka hapo kiende kwenye *~ 0.0011388, na mwisho kwenye outlet~. Alama ya $0 inakipa kila kichujio mstari wake wa kuchelewesha, ili ukitumia viwili katika kazi moja visigombanie jina.

Namba hizo tatu zinahitaji maelezo. Kisanduku cha rpole~ ndicho kinachotunza jumla: huchukua matokeo yake ya nyuma, huyazidisha kwa namba uliyokipa, kisha huongeza kinachoingia. Kinadharia namba hiyo ingekuwa 1, delread~ isingezidishwa na chochote, na mwishoni tungegawanya kwa 882. Tatizo ni kwamba kompyuta hukata tarakimu za mwisho kila inapojumlisha, na rpole~ yenye 1 haisahau kamwe. Makosa madogo hujilimbikiza ndani yake, na baada ya muda mrefu wastani wa ukimya hauwi tena sifuri. Kwa 0.99999 kosa la zamani hupungua taratibu hadi kutoweka. Lakini jumla ikipungua hivyo, sampuli kongwe nayo imekwisha kupungua inapofika ukingoni mwa dirisha, kwa hiyo lazima tutoe kiasi kilichobaki tu, yaani 0.99999 kwa kipeo cha 882, ambacho ni 0.991219. Namba ya tatu ni 1 gawanya kwa 878.1, jumla mpya ya uzito wa dirisha lote. Gharama ya mpango huu ni kwamba hezi 50 haifutiki hadi sifuri kamili, bali hushuka kwa desibeli takribani 57, kiasi ambacho kwa kazi yetu kinatosha na kubaki. Ukitumia 0.9999 utapata desibeli 37 tu, na hapo tofauti itaonekana.

Hatua ya tatu: kupima

Usiamini kichujio ambacho hujakipima. Ingiza sig~ 1 na usome matokeo kwa snapshot~ inayogongwa na metro 100: yanapaswa kutulia karibu sana na 1. Kisha ingiza osc~, inayotoa mlio safi wa masafa unayoyachagua, na uangalie mawimbi yanayotoka kupitia tabwrite~ kwenye jedwali la sampuli 4410. Kwa hezi 25 ukubwa utakuwa takribani 0.64, kwa hezi 50 utakuwa karibu na sifuri, na kwa hezi 75 utapanda tena hadi 0.21. Kupanda huko si kosa la waya zako. Ni tabia ya wastani unaosogea, na ndiyo sababu siupendekezi kwa kutengeneza rangi ya sauti.

Hatua ya nne: kufuata ukubwa wa sauti

Sasa unganisha adc~ (sauti ya maikrofoni) na abs~, kisha wastani20, kisha *~ 1.571. Kisanduku cha abs~ hugeuza pande hasi za mawimbi kuwa chanya, na kwa mlio safi wastani wa matokeo yake ni 0.637 ya kilele, ndiyo maana tunazidisha kwa 1.571 ili kurudisha kilele chenyewe. Ukipiga ngoma mbele ya maikrofoni utaona namba ikipanda na kushuka bila kutetemeka. Mngurumo wa umeme wakati wa ukimya hautoweki, kwa kuwa abs~ huugeuza kuwa kiasi cha kudumu pamoja na mtetemo wa hezi 100 na vigawe vyake. Mtetemo huo hufutika, na kiasi cha kudumu unaweza kukiondoa kwa -~. Kumbuka kwamba matokeo huchelewa kwa nusu ya dirisha, yaani milisekunde 10.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwa nini tusitumie lop~, kichujio cha kupitisha masafa ya chini, ambayo ni kisanduku kimoja tu?

Jibu: Marahaba. Kwa kazi nyingi lop~ inatosha, nami huitumia. Lakini ili ipunguze mtetemo wa hezi 100 hadi sehemu moja ya kumi, itabidi uiweke kwenye hezi 10, na hapo itachukua karibu milisekunde 48 kufikia asilimia 95 ya badiliko la ghafla. Kichujio chetu humaliza badiliko lote kwa milisekunde 20 na mtetemo huo hukaribia kutoweka.

Swali: Je, siwezi kubaki na rpole~ 1 na kuitumia ujumbe wa clear kila baada ya dakika moja ili kuondoa makosa?

Jibu: Hapana, ndugu, utaleta kosa kubwa kuliko unalolikimbia. Ujumbe wa clear unafuta jumla, lakini mstari wa kuchelewesha bado una sampuli 882 za zamani. Hizo zitaendelea kutolewa kwenye jumla ambayo haizikumbuki, na matokeo yatabaki yamepotoka kwa kiasi hicho bila kurudi.

Swali: Mimi niko Marekani ambako umeme ni wa hezi 60, na kadi yangu ya sauti inatumia sampuli 48000. Nibadilishe nini?

Jibu: Dirisha lako ni milisekunde 16.6667, ambazo kwa 48000 ni sampuli 800 kamili (kwa 44100 zingekuwa 735). Badilisha delread~, kisha uhesabu upya namba mbili: 0.99999 kwa kipeo cha 800 ni 0.992032, na kizidishi cha mwisho ni 1 gawanya kwa 796.8, yaani 0.001255. Rpole~ ibaki ilivyo.

Swali: Naomba kujua kama naweza kupitisha sauti ya mwimbaji moja kwa moja humo ili kuondoa mngurumo.

Jibu: Utamwondoa mwimbaji pia, kwani kichujio hiki hupitisha vizuri masafa yaliyo chini ya hezi 22 hivi tu. Wala usijaribu kutoa wastani kutoka kwenye sauti ya asili: hezi 50 haimo katika wastani, kwa hiyo haiwezi kutolewa, na mngurumo utabaki kama ulivyo. Sehemu ya mwanzo ya mchoro wetu, yaani ishara kutoa nakala yake iliyochelewa milisekunde 20 bila *~ wala rpole~, ndiyo inayofuta hezi 50 na vigawe vyake, ingawa sauti itapata mlio wa bomba. Jaribu kwanza hip~ 120, inayopunguza masafa yaliyo chini ya hezi 120, na ukague waya wa maikrofoni kabla ya yote.