Kura ya maoni ya urais yenye chaguo la kwanza, la pili na la tatu: namna ya kuiendesha na kuihesabu

Mwaka 1990 wananchi wa Ireland walichagua rais kati ya watu watatu. Kura za chaguo la kwanza zilipohesabiwa, Brian Lenihan aliongoza kwa 694,484, Mary Robinson akafuata kwa 612,265, na Austin Currie akawa wa mwisho kwa 267,902. Kama sheria ingesema mwenye kura nyingi ndiye mshindi, kazi ingeishia hapo na Lenihan angeapishwa. Lakini karatasi ya kura ya Ireland humruhusu mpiga kura aandike 1, 2, 3 mbele ya majina. Currie alitolewa, na karatasi zake zikasomwa tena kutafuta namba 2. Kati yake, 205,565 zilimwendea Robinson, 36,789 zikamwendea Lenihan, na 25,548 hazikuwa na jina jingine. Robinson alimaliza na 817,830 dhidi ya 731,273, akawa mwanamke wa kwanza kushika urais wa nchi hiyo.

Katika hesabu hiyo yote, namba ninayoijali kuliko nyingine ni 205,565. Hao ni watu ambao swali la kawaida la kura ya maoni, "Utampigia nani?", lingewaandika kama wafuasi wa Currie na kuwaacha hapo. Kumbe walikuwa na neno jingine la kusema, na ndilo lililoamua urais. Nimekuwa nikiendesha kura za maoni za aina hii kwa muda, na hapa nakupitisha katika kazi nzima, tangu kuandika swali hadi kutangaza matokeo.

Hatua ya 1: Andika swali lisilo na njia mbili

Kura yangu ya kwanza ya kupanga wagombea niliiharibu kwa sentensi moja. Niliandika, "Wape wagombea hawa namba 1 hadi 5." Baadhi ya wahojiwa walielewa kwamba 1 ndiye bora. Wengine walifikiri ni alama kama za mtihani, wakampa 5 wanayempenda. Majibu yaliporudi sikuweza kuwatenganisha, na kazi ya wiki mbili ikaenda na maji.

Sasa sitaji namba peke yake. Nauliza kwa mfuatano: "Kama uchaguzi wa rais ungefanyika leo, ungempigia nani?" Kisha: "Kama huyo asingekuwepo kwenye karatasi, ungempigia nani?" Kisha swali lile lile tena, kama hao wawili wasingekuwepo. Mtu anajibu kama anavyojibu mtaani, na hakuna namba ya kugeuzwa. Ukitumia fomu yenye jedwali la kubofya, andika juu ya safu "Chaguo la kwanza", "Chaguo la pili", "Chaguo la tatu" kwa maneno kamili.

Ongeza swali moja la pembeni: "Kuna mgombea ambaye hungempigia kwa hali yoyote?" Mtu kutopangwa si sawa na kukataliwa. Mhojiwa anaweza kumwacha mgombea kwa sababu hamjui, au kwa sababu amechoka kujaza fomu. Bila swali hili utabaki unabahatisha.

Hatua ya 2: Panga majina, kisha yachanganye

Weka wagombea wote wanaofahamika kuwa wamo, pamoja na wale wadogo. Kuwaondoa wadogo ili fomu iwe fupi ni kosa, kwa sababu chaguo la pili la wafuasi wao ndilo hasa tunalolitafuta.

Mpangilio wa majina ubadilike kwa kila mhojiwa. Australia, ambako kupanga wagombea ni jambo la miaka mingi, wanaijua vizuri tabia ya mpiga kura anayeandika namba kutoka juu hadi chini bila kufikiri. Aliyechapishwa juu hunufaika. Programu nyingi za fomu zina kitufe cha kuchanganya majibu, kiwashe. Kama unahoji kwa mdomo, chapa fomu za aina kadhaa zenye mpangilio tofauti. Na hifadhi kumbukumbu ya mpangilio aliouona kila mtu, utauhitaji wakati wa kusafisha data.

Hatua ya 3: Amua idadi ya nafasi

Mimi huishia nafasi tatu, mara chache nne. Sri Lanka, ambayo humchagua rais kwa namna inayokaribiana na hii, humruhusu mpiga kura kutaja hadi watatu. Jiji la New York, katika mchujo wa umeya wa 2021, liliruhusu watano. Kadiri nafasi zinavyoongezeka ndivyo majibu ya chini yanavyokosa uzito. Mtu anajaza tu ili amalize.

Usimlazimishe mtu kujaza zote. Anayetaja mmoja na kuishia hapo amekupa jibu kamili.

Hatua ya 4: Wahojiwa

Sitakaa sana hapa, kwa sababu kanuni ni zile zile za kura yoyote ya maoni. Kiungo ulichokitupa kwenye makundi ya marafiki kitakuonyesha mawazo ya marafiki. Ukitaka kusema neno kuhusu wapiga kura wa nchi, unahitaji sampuli iliyochukuliwa kwa nasibu, au angalau iliyosawazishwa kwa umri, jinsia na mahali. Ukiipa fomu ya mtu uzito wa 1.3 ili kusawazisha, yaani ihesabiwe kama fomu 1.3, uzito huo unasafiri nayo katika kila duru ya kuhesabu, kila mara mgombea wa mwisho anapotolewa na kura zake kugawanywa. Usiuondoe kura inapohamia kwa mgombea mwingine.

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kuhesabu

Kanuni za kusafisha ziandikwe kabla hujaona matokeo, la sivyo utajikuta unachagua kanuni inayompendelea mtu. Zangu ni hizi. Aliyeruka nafasi ya pili na kujaza ya tatu, ya tatu inapanda kuwa ya pili. Aliyerudia jina lile lile, linahesabiwa mara moja. Aliyeweka watu wawili katika nafasi moja, kura yake inasimama hapo, na yaliyotajwa juu yake yanabaki halali. Aliyejaza sawasawa na mpangilio wa majina aliouona, namwekea alama lakini simwondoi. Nahesabu mara mbili, naye akiwemo na asipokuwemo, nione kama kuna tofauti.

Hatua ya 6: Hesabu duru kwa duru

Tuchukue mfano niliotunga, wahojiwa 200 na wagombea wanne. Fomu zilizosafishwa zimekuwa hivi:

A peke yake: 18
A, kisha C: 50
A, kisha B: 8
B, kisha C: 40
B, kisha D, kisha C: 10
B peke yake: 8
C, kisha B: 24
C, kisha A: 14
C peke yake: 8
D, kisha C, kisha B: 4
D, kisha B, kisha C: 13
D peke yake: 3

Duru ya kwanza: A 76, B 58, C 46, D 20. Ushindi ni zaidi ya nusu ya kura ambazo bado zimo katika hesabu, yaani kura 101 katika duru hii, na hakuna aliyefika. Wa mwisho, D, anatolewa. Fomu zake 20 zinagawanyika: 13 kwa B, 4 kwa C, na 3 zinaishia njiani kwa sababu hazina jina jingine.

Duru ya pili: A 76, B 71, C 50, zilizoishia njiani 3. Anatolewa C. Fomu zake 46 za asili zinampa B 24 na A 14, huku 8 zikiishia njiani. Zile 4 alizozipata kutoka kwa D zinasonga mbele hadi jina la tatu, ambalo ni B. Hapa ndipo wanaoanza hukosea sana: hurudi kusoma chaguo la pili la fomu ambalo limeshatumika.

Duru ya tatu: B 99, A 90, zilizoishia njiani 11. Jumla 200. B ameshinda, ingawa alianza akiwa nyuma kwa kura 18.

Katika lahajedwali (kama Excel), weka chaguo la kwanza, la pili na la tatu katika safu B, C na D (hapa ni herufi za safu, si wagombea), na wagombea waliobaki katika seli H2 hadi H5. Kisha katika safu ya E andika:

=IF(COUNTIF($H$2:$H$5,B2)>0,B2,IF(COUNTIF($H$2:$H$5,C2)>0,C2,IF(COUNTIF($H$2:$H$5,D2)>0,D2,"njiani")))

Ishushe hadi mstari wa mwisho. Kila mstari utaonyesha jina la juu kabisa ambalo bado limo. Ukifuta jina la mgombea D kwenye safu ya H, safu ya E inajipanga yenyewe kwa duru ya pili; hesabu tu kila jina limetokea mara ngapi.

Safu hiyo ya H ina faida nyingine. Mgombea halisi akijitoa katikati ya kampeni, mfute tu. Huna haja ya kuwarudia wahojiwa. Mwaka 2020 chama cha Democratic cha Marekani kilitumia karatasi za kupanga katika mchujo wa urais wa Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming, wakati wagombea wengi walikuwa wameshajiondoa. Aliyemweka namba 1 mtu aliyejitoa, karatasi yake ilihamia kwa aliyefuata.

Na kama nchi unayoichunguza ina duru ya pili ya kawaida, yaani marudio kati ya wawili wa kwanza, bakiza kwenye H majina mawili tu ya juu. Hesabu hiyo ndiyo makadirio yako ya marudio. Ufaransa mwaka 2002 inaonyesha kwa nini inafaa: Jean-Marie Le Pen alipata asilimia 16.86 katika duru ya kwanza, akampita Lionel Jospin mwenye 16.18, akaingia marudio na Jacques Chirac. Huko alipata asilimia 17.79. Katika nchi nzima karibu hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kumfanya chaguo lake, na idadi ya chaguo la kwanza peke yake haikuweza kulisema hilo.

Hatua ya 7: Wapambanishe wawili wawili

Wengi huruka hatua hii, lakini mimi naiona ndiyo moyo wa kazi. Rudi kwenye fomu 200 uulize: kati ya C na A, nani ametajwa juu ya mwenzake? C yuko juu katika fomu 113, A katika 76, na 11 hazikutaja yeyote kati yao. Kati ya C na B: C 100, B 79, na 21 kimya. Kati ya C na D: C 136, D 30, na 34 kimya.

C, aliyetolewa katika duru ya pili, anamshinda kila mmoja wakisimama wawili. Ni mtu ambaye wengi wanamkubali ila wachache wanamtanguliza. Hili si jambo la darasani tu. Katika uchaguzi wa meya wa Burlington, Vermont, mwaka 2009, Bob Kiss alishinda huku karatasi zikionyesha kwamba Andy Montroll, aliyetolewa kabla ya duru ya mwisho, angemshinda yeye na pia Kurt Wright, mpinzani wa Kiss katika duru ya mwisho, wakipambanishwa wawili wawili. Agosti 2022 huko Alaska, katika uchaguzi mdogo wa mbunge wa Marekani, Mary Peltola alishinda. Nick Begich, wa kwanza kutolewa kati ya watatu wakuu, angemshinda Peltola na angemshinda Sarah Palin pia.

Kwa hiyo kura ya maoni iliyoishia kwenye mshindi wa duru za kutoana imeficha nusu ya ilichokipata. Mimi hutoa majedwali yote mawili, hata pale yanapopingana. Yakipingana ndipo kuna habari.

Hatua ya 8: Pima mashaka mahali pake

Kwa sampuli ya nasibu ya watu 200, kiwango cha makosa ni kama pointi 7 za asilimia juu au chini. Kwa watu 1,000 ni kama 3. Lakini katika hesabu ya duru, hatari haiko kwenye mshindi tu. Iko pia kwenye anayetolewa. Kama B na C wangetofautiana kwa kura 4 katika duru ya pili, sampuli nyingine ingeweza kumtoa B, na hapo mshindi angekuwa mwingine kabisa.

Njia ninayoiamini ni hii. Fikiria fomu zote 200 ziko kwenye kapu. Chomoa moja, iandike, irudishe, chomoa tena, hadi ufikishe 200. Zihesabu duru zote, andika mshindi. Kompyuta irudie zoezi hilo mara 1,000. Ukikuta B ameshinda mara 610 na A mara 390, usimtangaze B kama aliyemaliza kazi; sema mchuano uko wazi.

Hatua ya 9: Namna ya kutangaza

B alipata 99 kati ya 189 zilizokuwa hai mwishoni, yaani asilimia 52.4. Kati ya wahojiwa wote 200, ni asilimia 49.5. Namba zote mbili ni za kweli, na ukiitoa ya kwanza peke yake umemwambia msomaji kwamba zaidi ya nusu wanamuunga mkono B, jambo ambalo fomu zako hazisemi. Taja zote, na taja zile 11 zilizoishia njiani.

Onyesha pia kura zilihamia wapi, kama Ireland ilivyofanya na kura za Currie. Na eleza wazi kama nchi yenyewe haitumii mfumo huu kumpata rais. Huko Marekani, kwa mfano, Maine ilianza kuutumia katika kura ya urais mwaka 2020 na Alaska mwaka 2024, lakini urais huamuliwa na wajumbe wa majimbo, kwa hiyo hesabu moja ya nchi nzima haikuambii nani atakayeapishwa. Inakuambia watu wanamkubali nani na kwa mpangilio gani, na kichwa cha ripoti yako kiseme hivyo hivyo.