Staki ndogo na hela iko karibu: angalia kushoto kwako kabla ya karata

Hii ni kwa wale wa tonamenti za mezani, poka ya uso kwa uso, sio ya kwenye simu. Hapa Mwanza naona watu wanacheza vizuri masaa manne, alafu mkibaki kumi na mbili na wanaolipwa ni tisa, kichwa kinahama. Kuna anayejifungia anafoldi (anatupa karata) kila kitu mpaka blaindi, yale madau ya lazima, zimmalize, kuna anayekoli (anayelipa kuifuata) olini ya mwenzake, yani chipu zote alizoweka, na A-7 kwa sababu amechoka kusubiri. Wote wanaenda nyumbani mikono mitupu na inaniuma kwa kweli maana dawa yake inafundishika.

Hesabu staki yako (rundo la chipu ulizonazo) kwa bigi blaindi, ile kubwa kati ya blaindi mbili, sio kwa chipu. Chipu 16,000 mbele yako zinaonekana nyingi ila blaindi zikiwa 1,000/2,000 na mwenye bigi blaindi anaweka na ante (nyongeza ya lazima) ya 2,000, we una bigi blaindi 8 basi. Kila meza ikizunguka unatoa 5,000. Na live mambo ni taratibu, meza ya watu tisa mzunguko mmoja ni dakika ishirini hivi, kwa hiyo unakaa unafoldi, unabaki na 11,000, saa inalia, blaindi zinapanda 1,500/3,000, ushakuwa chini ya bigi blaindi 4 na hujacheza mkono hata mmoja.

Sasa ona kwa nini 8 na 3 ni dunia mbili tofauti. Una 16,000, unasema olini, wote wanafoldi amebaki bigi blaindi. Ana 2,000 ndani tayari, anatakiwa kuongeza 14,000 ili apate 21,000, yani awe na uwezekano wa kushinda angalau asilimia 40, hapo lazima ajiulize. Ungesubiri mpaka una 6,000 kwenye blaindi hizo hizo angeongeza 4,000 tu apate 11,000, asilimia 27 inamtosha, karibu karata zozote mbili zinafika hapo, atakukoli na 9-5 na atakuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo sukuma, yani sema olini wa kwanza, wakati staki yako bado inaogopwa. Wakifoldi wote umechukua 5,000 bila kufungua karata, 16,000 imekuwa 21,000, umepata pumzi ya mzunguko mzima.

Kusukuma wa kwanza ni tofauti sana na kukoli olini ya mtu na hapa ndo wengi wanachanganya. Chukulia mmebaki wanne, wanalipwa watatu, mfuko ni milioni moja: laki tano, laki tatu, laki mbili. Mna chipu sawa sawa, kila mtu thamani yake ni 250,000. Mmoja anasema olini. Ukikoli ukashinda una nusu ya chipu zote ila thamani yako haiwi laki tano, inakuwa kama 383,000, maana wale wawili waliokaa pembeni wameingia kwenye hela kwa jasho lako. Ukipoteza ni sifuri. Hesabu hiyo, wanaiita ICM, inakutaka uwe na asilimia 65 ndo ukoli. Jozi ya 8 dhidi ya A-K ni 55 hivi. Unafoldi, kaka, hata kama roho inauma! Ukiwa ndo mwenye staki ndogo kuliko wote masharti yanalegea kidogo ila sio sana.

Kwa hiyo kabla hujainua karata angalia walio kushoto kwako, hao ndo watakaoamua baada yako. Mwenye staki ya kati, tuseme mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba ana 45,000 na anaitaka ile hela, huyo anaogopa kukupa theluthi na zaidi ya staki yake kwa mkono mmoja, msukumie. Angalia mikono yake, mara nyingi utaona karata kazishika kwa vidole viwili tayari kuzitupa kabla zamu yake haijafika. Mwenye mlima wa chipu haogopi. Na jamaa wa machimbo kutoka Geita anayekoli chochote (tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hata hasubiri kivuko, anakaa mpaka mwisho) huyo akiwa nyuma yako usisukume na J-8, subiri A-J au jozi ya 7 kwenda juu, atakulipa mwenyewe. Ukiwa kwenye batani (nafasi ya mwisho kabla ya blaindi mbili) na nyuma yako ni waoga wawili, na bigi blaindi 8 mimi nasukuma jozi yoyote, A yoyote, na K nyingi tu.

Akibaki mmoja wa kutoka, meza zinaanza kusubiriana, mkono mmoja kwa mkono mmoja. Hapo kuchelewesha hakusaidii kitu, usiwasumbue watu. Simama, tembea mpaka meza ya pili uone staki zao. Kama kuna mtu ana bigi blaindi moja na baada ya mikono miwili blaindi inamfikia, we una nne, na mwenye mlima ameshareizi (ameongeza dau) mbele yako, A-Q tupa. Ila mkiwa bado watu sita wa kutoka usijidanganye kwamba utapita kwa kukaa kimya, blaindi zitakukuta.

Alafu tamka. Sema "olini" kwa sauti kabla mkono haujagusa chipu, maana ukirusha chipu moja kubwa kimya kimya baada ya blaindi inahesabika umekoli tu, na wote watapata flopu (karata tatu za kwanza za katikati) kwa bei rahisi. Na kama umebaki na chipu zisizotosha bigi blaindi na ante kwa pamoja, muulize dila mapema kipi kinakatwa kwanza, kila kasino ina utaratibu wake.

Yule mmoja akishatoka subiri mikono kadhaa uone, staki ndogo zote zitaanza kusukuma hovyo kwa furaha. Sasa ndo unaweza kukoli na ile A-Q, na jozi ya 8 pia.