Somo: Kutembea Ukuta Mkuu wa China usiokarabatiwa, kipande cha Gubeikou

Ndugu zangu mlioko China kwa masomo au biashara, wengi wetu Ukuta Mkuu tunaujua kwa Badaling: ngazi zilizosawazishwa, vyuma vya kushikilia, na watu wamebanana mpaka huoni unapokanyaga. Ukitaka kuuona ukuta jinsi miaka ilivyouacha, nenda Gubeikou. Mimi napapenda kuliko vipande vyote vya karibu na Beijing, na kwa sababu hiyohiyo nitasema kwa mkazo: panda kwa namna ambayo atakayekuja nyuma yako ataukuta vilevile.

Hatua ya 1: Ujue unakokwenda

Gubeikou iko kaskazini mashariki mwa Beijing, wilaya ya Miyun, karibu na mpaka wa mkoa wa Hebei. Ni mlango baina ya milima, mto Chao ukipita katikati. Wafalme wa enzi ya Qing walipita hapa kila walipokwenda mji wa Chengde kukaa msimu wa joto. Magharibi ya mto kuna mlima Wohushan, wenye miinuko mikali. Mashariki kuna Panlongshan, na somo hili ni la Panlongshan.

Ukuta unaouona juu ni wa enzi ya Ming (1368–1644), lakini utawala wa Qi ya Kaskazini ulikuwa umeshajenga ukuta wa mawe katika milima hii tangu karne ya 6. Na si wa kale tu. Machi 1933 majeshi ya China na Japani yalipigana vikali papa hapa, na minara ikapigwa kwa risasi na mizinga. Kwa hiyo ukikuta tofali lenye tundu, usidhani kila kovu ni la mvua na upepo.

Hatua ya 2: Ruhusa kwanza

Kanuni za kulinda Ukuta Mkuu, zilizoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2006, zinakataza kuandaa matembezi ya watalii kwenye vipande ambavyo havijafunguliwa rasmi. Panlongshan kumekuwa na lango na tiketi, lakini hali hubadilika. Mwombe mwenye nyumba ya wageni apige simu siku moja kabla aulize sehemu gani iko wazi. Ukiambiwa pamefungwa, pamefungwa. Usimfuate kijana anayekuonyesha kichochoro nyuma ya shamba.

Hatua ya 3: Usafiri

Kutoka Dongzhimen panda basi namba 980 hadi Miyun, kisha basi la wilaya au teksi hadi Gubeikou. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana, ila nashauri ulale kijijini usiku wa kuamkia safari. Beba pasipoti, bila hiyo hupati chumba.

Hatua ya 4: Mzigo

Buti zenye meno, glavu ngumu za kazi, maji lita 2 au 3 kwa kila mtu, chakula, tochi, na suruali ndefu hata kama kuna joto. Huko juu hakuna duka wala choo. Takataka zote rudi nazo, hata maganda ya machungwa.

Hatua ya 5: Namna ya kutembea

Hapa ndipo penye somo lenyewe, someni polepole.

Ukuta wa Ming una ngozi na nyama. Ngozi ni matofali yaliyofungwa kwa chokaa, na wataalamu wamethibitisha kwamba katika majengo mengi ya Ming chokaa hiyo ilichanganywa na uji wa mchele wa kunata. Sisi wa pwani tunaojua nyumba za mawe na chokaa za Lamu tunaelewa ugumu wake. Nyama ya ndani ni kifusi: mawe, udongo, vipande vya matofali. Ngozi ikishachubuka, maji huingia ndani na kifusi huanza kumwagika. Kwenye Panlongshan sehemu kubwa imechubuka.

Kwa hiyo tembea katikati, palipokanyagwa na wengi. Ukingo unaweza kuonekana imara kumbe chini umeshakuwa tupu. Ukiona njia ya miguu inateremka kando ya ukuta, ifuate, maana imewekwa ili sehemu dhaifu ipumzike. Usijivute kwa kushika tofali lililochomoza, wala usipande juu ya mnara kwa ajili ya picha.

Kuteremka ndiko kunakoangusha watu. Changarawe juu ya jiwe huteleza hata siku kavu. Geuka ubavu, piga hatua fupi, weka mguu wote chini kabla ya kuhamisha uzito. Mwachiane nafasi, jiwe likiponyoka lisimkute mwenzako. Glavu nilizotaja ni kwa ajili ya miiba: juu ya ukuta imeota mikunazi mwitu, mifupi, na mkono hukimbilia kuishika unapoyumba.

Hatua ya 6: Mahali pa kugeukia

Ukipita Mnara wa Jenerali ukaendelea, utafika kwenye Mnara wa Madirisha 24, ambao sehemu yake imeanguka. Mbele yake ni eneo la jeshi, na ukuta haupitiki. Wanaokwenda Jinshanling, kipande cha ukuta kinachofuata, huuacha ukuta na kuzunguka kwa chini mabondeni, safari ya siku nzima inayotaka mwenyeji anayejua njia. Kama huna mwenyeji, geuka hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Wuhan: Shikamoo dada. Mbona hukutaja kipande cha Jiankou? Picha zake ndizo zinazonivutia.

Marahaba. Sikuitaja kwa sababu haijafunguliwa kwa wageni, na mabango yapo. Pana miinuko karibu ya wima, na watu wameumia na wengine kufa. Uzuri wake utazame kwa mbali.

Mwanachama, Guangzhou: Nina mtoto wa miaka 7, anapenda sana kutembea. Nije naye?

Hapana, dada yangu. Mpeleke Mutianyu. Pamekarabatiwa, pana gari la kamba, na kushuka kwa kigari cha kuteleza atakufurahia. Gubeikou imsubiri akue.

Mwanachama, Dar es Salaam: Nitafika Julai. Panafaa?

Julai na Agosti ni joto na mvua za radi, na ukuta umepita juu kabisa ya mgongo wa mlima. Ukisikia ngurumo, shuka, wala usijifiche mnarani. Ukiweza, sogeza safari hadi Septemba au katikati ya Oktoba. Wiki ya kwanza ya Oktoba iepuke, ni sikukuu ya taifa na mabasi hayaingiliki.

Mwanachama, Beijing: Tuko vijana wanne, tunataka kupiga hema juu ya ukuta tuone jua likichomoza.

Msifanye hivyo. Vigingi na moto vinaumiza ukuta, na hiyo misitu hushika moto upesi. Laleni kijijini, mkubaliane na mlinzi wa lango muda wa mapema kabisa anaoruhusu kupanda. Akisema saa mbili asubuhi, iwe saa mbili.

Mwanachama, Beijing: Na dharura?

Polisi 110, zimamoto 119, gari la wagonjwa 120. Andikeni jina la kijiji kwa herufi za Kichina kwenye simu kabla ya kupanda, na mwachieni mwenye nyumba ya wageni saa mnayotarajia kurudi.