Je, alama za triaji zinabashiri nani atazidiwa? Jipimie kwa TEWS, hatua kwa hatua

Idara nyingi za dharura Afrika hutumia SATS (South African Triage Scale), mfumo wa triaji, yaani kupanga wagonjwa kwa uharaka wa hali zao, ulioanzishwa Cape Town mwaka 2004. Kiini chake ni TEWS (Triage Early Warning Score, alama za tahadhari ya mapema): vipimo saba vinavyochukuliwa mgonjwa anapofika, kila kimoja na alama zake. Jumla ya 0–2 ni kijani, 3–4 njano, 5–6 machungwa, 7 na kuendelea nyekundu. Alama hizi zilitungwa ili tujue nani aonwe kwanza. Ukizioanisha na yaliyompata mgonjwa baadaye, utajua pia kama hapo kwenu zinawatambua walio hatarini kufa.

Hatua ya 1: Amua unabashiri nini

Chagua tokeo moja kabla ya kufungua Excel. Mimi hupendelea kifo ndani ya saa 24, kwa sababu vifo vya baadaye vinategemea sana huduma ya wodini. Kulazwa ni tokeo dhaifu, maana mara nyingi huamuliwa na uwepo wa kitanda. Aliyepewa rufaa usimhesabu kuwa amepona. Mfuatilie, au mweke kando na useme hivyo kwenye ripoti. Waliofika wameshafariki waondoe. Watoto wachambue peke yao, kwani SATS ina majedwali tofauti kwa walio chini ya miaka 3 na wa miaka 3 hadi 12.

Hatua ya 2: Kagua upumuaji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Panga safu ya upumuaji kutoka ndogo hadi kubwa. Ukikuta 20, 20, 20 ukurasa mzima, hakuna aliyehesabu.

Chukua mtu mzima anayetembea kwa kushikiliwa (1), mapigo 112 kwa dakika (2), presha ile namba ya juu 98 (1), joto 37.2 (0), yuko macho (0), hana jeraha (0). Anapumua mara 30, ambazo ni alama 3. Jumla 7: nyekundu, aonwe papo hapo. Muuguzi akiandika 20 kwa kukadiria, upumuaji unapata 1 na jumla inashuka hadi 5. Mgonjwa sasa ni machungwa, anaruhusiwa kusubiri hadi dakika 10, na kwenye uchambuzi wako ataonekana kama kifo ambacho alama hazikukiona. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi, na mgonjwa asijue anahesabiwa.

Kipimo kilichoachwa wazi usikijaze sifuri. Presha isiyoandikwa huenda ilikuwa haisomeki kabisa.

Hatua ya 3: Kokotoa upya

Usiamini jumla iliyoandikwa kwenye fomu. Excel ijumlishe yenyewe. Rangi ya mwisho iwe na safu yake, kwa sababu SATS ina dalili zinazompandisha mgonjwa bila kujali alama. Mwenye maumivu ya kifua anaweza kuwa na TEWS ya 1 na bado akawa machungwa.

Hatua ya 4: Pima uwezo wa kutofautisha

Anza na jedwali rahisi: kila alama, wagonjwa wangapi, waliofariki wangapi. Kisha wape wote nafasi kwa fomula ya Excel iitwayo RANK.AVG, alama ndogo ikianza. Jumlisha nafasi za waliofariki (S). Waliofariki wakiwa d na walionusurika h:

(S − d(d+1)/2) ÷ (d × h)

Jibu ni uwezekano kwamba, ukichukua aliyefariki mmoja na aliyenusurika mmoja, aliyefariki ndiye alikuwa na alama kubwa zaidi (sare huhesabiwa nusu). 0.5 ni sawa na kurusha sarafu. Kadiri linavyokaribia 1 ndivyo alama zinavyotofautisha vizuri. Vifo vikiwa vichache, usilitegemee jibu hilo. Kusanya miezi zaidi.

Hatua ya 5: Soma mafaili ya waliofariki na alama chini ya 5

Hatua hii naithamini kuliko fomula. Tafuta kinachojirudia: wazee, wajawazito, wanaotumia dawa za presha zinazozuia mapigo kupanda. Upande wa pili, aliyekuwa na 9 akapona usimwite kosa la alama, maana pengine alipona kwa sababu alama hizo zilimfikisha kwa daktari mapema. Orodha ya mafaili hayo ipelekeni kwenye kikao cha vifo, fomu ya triaji ikiwa imeambatishwa kwa kila mgonjwa.