Namna ya Kuchagua na Kusikiliza Rekodi za Mwanzo za Bendi Kubwa ya Dizzy Gillespie

Rekodi ambazo mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alizifanya na bendi kubwa kati ya mwaka 1937 na 1950 zimetolewa upya mara nyingi mno, kila mara kwa kasha jipya na jina jipya, kiasi kwamba mtu asiye mwangalifu anaweza kununua vibao vilevile mara tatu huku akidhani anapanua maktaba yake. Kwa hiyo, kabla ya kutazama picha iliyo mbele au idadi ya vibao, geuza kasha utafute mambo matatu: tarehe ambayo kila kibao kilirekodiwa, kampuni iliyokirekodi kwanza, na majina ya wanamuziki waliokuwamo studio siku hiyo. Mkusanyiko usiotaja hata kimojawapo uuache dukani. Kwenye huduma za muziki za intaneti tahadhari hii inahitajika zaidi, kwa kuwa mwaka unaoonyeshwa pale mara nyingi ni ule wa kutolewa upya, nao haukuambii chochote kuhusu muziki wenyewe.

Jina la kampuni lina uzito kwa sababu kazi za Gillespie za kipindi hicho zimetawanyika. Alipokuwa katika bendi ya Cab Calloway, kuanzia 1939 hadi 1941, rekodi zilitoka kwa lebo za Vocalion na OKeh, na humo ndimo kilimo kibao “Pickin' the Cabbage” cha 1940, ambacho alikitunga na kukipangia vyombo yeye mwenyewe. Bendi kubwa aliyoiongoza mwaka 1946 ilirekodi kwa Musicraft; kuanzia Agosti 1947 ikahamia Victor; na mwishoni mwa 1949 ikaenda Capitol. Hivyo neno “kamili” likiandikwa kwenye kasha huwa na maana ya kamili kwa kampuni moja tu. Mkusanyiko wa CD mbili uliotolewa na lebo ya Bluebird mwaka 1995 ni mfano mzuri wa jambo hili: umekusanya rekodi za Victor tangu 1937 hadi 1949 kwa utaratibu wa kuridhisha, lakini usitegemee kukuta humo “Things to Come” ya 1946, kwa kuwa hiyo ni mali ya Musicraft. Anayetaka kuielewa bendi hii vizuri anahitaji mikusanyiko miwili, mmoja wa Musicraft na mmoja wa Victor, na kama fedha inatosha mmoja tu, mimi ningeanza na ule wa Victor bila kusita.

Ukishakuwa na tarehe mkononi, utaona mapengo mawili makubwa, na ni vyema ujue chanzo chake usije ukamlaumu mkusanyaji bure. Chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kilipiga marufuku wanachama wake kurekodi tangu tarehe 1 Agosti 1942, na Victor haikufikia mapatano nacho hadi Novemba 1944. Ndiyo sababu bendi ya Earl Hines ya mwaka 1943, ambamo Gillespie na mpiga saksofoni Charlie Parker walikaa pamoja, haikuacha rekodi yoyote ya studio. Marufuku ya pili ilishika karibu mwaka wote wa 1948, na kampuni, zikijua inakuja, zilikimbizana kurekodi kabla mwaka 1947 haujaisha. Bendi ya Gillespie iliingia studio tarehe 22 na 30 Desemba 1947, na sehemu kubwa ya sifa ya mkusanyiko wa Victor inatokana na siku hizo mbili.

Katika kusikiliza, fuata tarehe, hata kama mkusanyaji amepanga vibao kwa namna nyingine. Anza na “King Porter Stomp” ya Mei 1937, ambapo Gillespie, akiwa na umri wa miaka 19 katika bendi ya Teddy Hill, anapiga solo inayofuata mtindo wa mpiga tarumbeta Roy Eldridge karibu hatua kwa hatua. Kisha nenda “Hot Mallets” ya Septemba 1939 chini ya Lionel Hampton, ambapo sauti yake mwenyewe imeanza kujitokeza. Baada ya hapo pitia Musicraft ya 1946, halafu “Two Bass Hit” ya Agosti 1947, ukimsikiliza Ray Brown kwenye besi. Katika mkusanyiko wa Victor utakutana pia na vibao vinne vya Februari 1946 vilivyopigwa na kikundi kidogo. Ni vizuri sana, ila si vya bendi kubwa, kwa hiyo viweke kando kwanza.

Sasa tenga muda wa kutosha kwa “Manteca” ya tarehe 30 Desemba 1947, na uisikilize walau mara tatu ukibadilisha lengo. Mara ya kwanza fuata besi ya Al McKibbon na ngoma za Mkuba Chano Pozo pekee: wanaanza wao, na mdundo wao ndio nguzo ambayo saksofoni, matromboni na matarumbeta yanajengwa juu yake, kila kundi likiingia kwa zamu na kifungu chake kifupi. Mara ya pili ngojea sehemu ya kati, aliyoitunga Gillespie mwenyewe, ambapo bendi inaachana na mdundo wa Kikuba, vyombo vinatandaza sauti nzito, na besi inaanza kutembea kwa mwendo wa jazi wa kawaida. Mara ya tatu sikiliza solo ya saksofoni ya Big Nick Nicholas. Ukimaliza, piga “Cubana Be” na “Cubana Bop” mfululizo bila kusimama, kwa sababu ni kazi moja iliyokatwa vipande viwili; upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba takribani dakika tatu tu.

Pozo aliuawa Harlem tarehe 2 Desemba 1948, siku chache kabla marufuku haijaondolewa, na hakurudi tena studio na bendi hii. Anayetaka kumsikia zaidi akiwa nayo atafute maonyesho yaliyonaswa mwaka huo, hasa lile la ukumbi wa Salle Pleyel, Paris, la Februari.

Kuhusu ubora wa sauti, usiukimbie mkwaruzo. Santuri za wakati ule huwa na mkwaruzo, na fundi anayeufuta wote hufuta pamoja nao mlio wa matoazi na pumzi ya tarumbeta. Pima kwa “Things to Come”: kama matoazi ya Kenny Clarke yanasikika kama mvumo tu usio na ncha, toleo hilo limechujwa kupita kiasi. Mwenye kinanda nyumbani na apige noti pamoja na rekodi. Ikiwa kibao kizima kiko juu au chini kidogo ya kinanda, huenda santuri ilizungushwa kwa mwendo usio sahihi wakati wa kunakiliwa, na hapo ni bora kutafuta toleo jingine.