SOMO: Kuipima simu mpya kwa kazi nyingi kwa kuhesabu marudio

Ndugu wanachama, juma lililopita nilimnunulia dada yangu simu mpya ya daraja la kati, inayotumia Android 14, yenye RAM (kumbukumbu ya muda, inayoshika programu zilizofunguliwa) ya GB 6 na uhifadhi wa GB 128, na somo hili limetokana na siku tano nilizoipima kabla sijamkabidhi. Jina la simu nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa hatua hizi zinafaa kwa simu yoyote ya Android, na kwa kuwa mjadala wa majina ya simu humu ndani hugeuka Simba na Yanga kabla ya jibu la tatu.

Dada huuza vitenge. Mteja humtumia picha ya kitenge kwa WhatsApp, naye hufungua kikokotoo, huenda kwenye jedwali la hesabu kuangalia kama mzigo upo, hupiga picha ya kitambaa kilichobaki, hurudi kwa mteja, kisha hufungua ujumbe mfupi kuhakikisha malipo ya M-Pesa yameingia. Kutwa nzima anazunguka kati ya programu zile zile tano au sita, kwa hiyo kasi ya kuifungua programu kwa mara ya kwanza, ambayo ndiyo wauzaji hutuonyesha dukani, haimsaidii sana. Kinachomsaidia ni kuikuta kila programu pale pale alipoiacha.

Ili kuelewa kinachopimwa, ichukulie RAM kama meza ya fundi cherehani. Programu unayoitazama ni kitambaa kilicho chini ya sindano. Uliyotoka kuiacha haitupwi, bali inabaki pembeni mwa meza, na nafasi ikianza kubana mfumo huikunja, yaani huiminya data yake ndani ya RAM hiyo hiyo ili ichukue nafasi ndogo. Meza ikijaa kabisa, mfumo huanza kufunga programu zilizokaa muda mrefu bila kuguswa, na utakapoirudia programu iliyofungwa utaiona inaanza upya tangu nembo yake.

Hatua ya kwanza: hakikisha RAM uliyoilipia

Kwenye boksi la simu moja niliyoionyeshwa kabla ya hii paliandikwa GB 12 kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, 6+6. Muuzaji alinihakikishia, bila kupepesa macho, kwamba hiyo ni RAM ya GB 12. Haikuwa hivyo. Zile GB 6 za pili huazimwa kutoka kwenye uhifadhi, mahali zinapokaa picha na video zako, na uhifadhi huo ni wa polepole mno ukilinganishwa na RAM yenyewe. Samsung huuita mpango huu RAM Plus, Tecno huuita MemFusion, na Xiaomi huuita Memory Extension, lakini kazi ni ile ile. Kwenye simu nyingi, fungua Settings, nenda About phone, utafute mstari wa RAM. Ukiona alama ya kujumlisha, namba ya kushoto ndiyo uliyoilipia. (Ninataja vitufe kwa Kiingereza kwa sababu wengi wetu tumeziacha simu zetu katika lugha hiyo.)

Hatua ya pili: usiihukumu siku ya kwanza

Simu ikiwa dukani ni nyepesi kwa sababu haina kitu ndani yake. Ukishaingiza akaunti na kuanza kuhamisha vitu vyako, inageuka nzito na kupata joto, kwa sababu inapakua programu nyingi kwa pamoja, inarudisha mazungumzo ya WhatsApp na kupanga picha. Isitoshe, Android huziandaa programu ili zifunguke kwa haraka zaidi wakati simu imetulia na iko kwenye chaji, jambo ambalo kwa wengi wetu hutokea usiku. Mimi niliiacha siku mbili, nikailaza kwenye chaji na Wi-Fi usiku wote wa siku hizo, na nikaanza kupima siku ya tatu, nikiwa nimeingiza vikundi vyote vya dada, vikiwemo vile vya kicheni pati ambavyo havijawahi kunyamaza.

Hatua ya tatu: weka alama, kisha rudi

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na ninaomba isifanywe kwa haraka. Ondoa kava, chomoa chaji, kaa kivulini, kwa sababu simu ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe na matokeo yako yatakuwa ya jua. Kisha fungua programu saba unazozitumia kweli, moja baada ya nyingine, na katika kila moja acha alama ambayo itapotea iwapo programu itafungwa.

Chagua alama kwa akili. Watu wengi huandika nusu ya ujumbe kwenye WhatsApp, wakirudi wakaukuta hufurahi, wasijue kwamba WhatsApp huhifadhi rasimu hata programu ikifungwa, kwa hiyo alama hiyo haithibitishi kitu. Afadhali upandishe mazungumzo ya kikundi hadi ujumbe wa wiki iliyopita, uache hapo: ukirudi ukajikuta chini kwenye ujumbe wa leo, programu ilianza upya. Kwenye Chrome nilijaza nusu ya fomu ya maombi. Kwenye ramani niliomba njia ya kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Kwenye jedwali la Google Sheets nilishuka hadi safu ya 300, na kwenye Instagram nilisimama katikati ya ukurasa wa muuza vitenge mwingine. Msomaji wa PDF na kikokotoo vikakamilisha saba, na kote huko nikaandika kwenye daftari nilichokiacha.

Sasa sehemu ambayo nilikosea mara ya kwanza. Nilianza kurudi kwenye ile ya zamani kuliko zote, nikaikuta imefungwa, na kwa kuifungua upya nikailazimisha simu kuifukuza iliyofuata, kisha iliyofuata, hadi nikaamini kwamba simu haishiki chochote. Anza na ya karibuni zaidi, urudi nyuma moja moja, na uhesabu zilizorudi kabla ya kuikuta ya kwanza iliyoanza upya. Idadi hiyo mimi naiita marudio.

Utaratibu wangu ulikuwa Chrome, PDF, ramani, Sheets, WhatsApp, Instagram, na mwisho kikokotoo. Bila kamera, zote saba zilirudi zilipokuwa. Chrome ilichelewa kidogo, kama mtu anayeamshwa, lakini fomu ilikuwepo. Nikarudia zoezi lile lile, safari hii nikimaliza kwa kufungua kamera, kupiga picha kumi na kurekodi video ya dakika moja. Kikokotoo kilirudi, Instagram ikarudi, WhatsApp ikarudi kwenye ujumbe wa wiki iliyopita, Sheets ikarudi kwenye safu ya 300. Ramani ilianza upya, na nilipofika Chrome, ukurasa ulijipakia tena na fomu ikawa nyeupe.

Kwa hiyo simu hii ina marudio saba bila kamera na manne baada ya kamera. Kamera ni mlaji mkubwa wa RAM katika simu yoyote, kwani huhitaji nafasi ya kuchakata picha kadhaa kwa pamoja, na ndiyo maana mtu anayejaza fomu mtandaoni akatoka kwenda kupiga picha ya kitambulisho hurudi akakuta hakuna alichokijaza. Kwa dada, manne yanatosha. Kwa mtu anayeendesha biashara yake yote ndani ya kivinjari ningependekeza RAM ya GB 8, ya kweli, isiyo na alama ya kujumlisha.

Hatua ya nne: gawa skrini

Android imekuwa na uwezo wa kuonyesha programu mbili kwa pamoja tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, ingawa Samsung ilikuwa imeuweka kwenye familia ya Galaxy Note tangu 2012. Fungua orodha ya programu za karibuni, gusa nembo ndogo iliyo juu ya kadi ya programu, chagua Split screen au maneno yanayofanana na hayo, kisha chagua programu ya pili.

Niseme wazi kwamba kwenye kioo cha inchi 6.5 jambo hili hupendeza zaidi kwenye matangazo. Jedwali juu na mazungumzo chini ni sawa wakati unasoma tu. Ukigusa sehemu ya kuandika, kibodi hupanda na kumeza nusu ya chini, na jedwali hubaki na safu nne. Kilichomfaa dada ni dirisha dogo linaloelea, ambalo simu nyingi za leo zinalo: kikokotoo kikielea juu ya WhatsApp, anasoma bei ya mteja na kuzidisha kwa jora bila kutoka kwenye mazungumzo.

Hatua ya tano: kagua mipangilio ya betri

Programu inaweza kufungwa hata RAM ikiwa tele, kwa sababu mtengenezaji ameamua kubana matumizi ya betri. Fungua Settings, kisha Apps, chagua programu unayoitegemea, ingia Battery, uweke Unrestricted. Fanya hivyo kwa programu mbili au tatu tu. Ukizifungulia zote, betri itakuaga mchana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mimi kila baada ya saa moja hufunga programu zote kwa kitufe cha Close all ili simu iwe nyepesi. Je, ni sahihi? — Mwanachama, Tanga*

Marahaba. Acha tabia hiyo. RAM iliyo tupu haikufanyii kazi yoyote, na programu uliyoifunga ukiihitaji baada ya dakika tano itaanza tangu mwanzo, jambo linalotumia chaji zaidi kuliko kuirudia ikiwa imetulia. Funga ile tu iliyoganda au inayofanya vituko.

*Kaka, programu yangu ya benki kila nikitoka kwenda kusoma namba ya uthibitisho kwenye ujumbe mfupi, nikirudi inataka nywila upya. Nimejaribu simu tatu. Ni RAM ndogo? — Mwanachama, Mombasa*

Kama simu tatu tofauti zinafanya hivyo hivyo, sababu si RAM. Programu nyingi za fedha hujiondoa zenyewe mtumiaji anapotoka, kwa ajili ya usalama, na hata kadi zao kwenye orodha ya programu za karibuni huonekana tupu. Usizitumie kama kipimo. Ili kusoma namba, vuta pazia la arifa kutoka juu ya kioo, kwani kwa kawaida namba huonekana hapo bila kukutoa kwenye programu.

*Ndugu mwandishi, nifungue au nizime RAM Plus? — Mwanachama, Mwanza*

Kwenye RAM ya GB 4 iache ikiwa imewashwa kwa kiwango kidogo, kwani huweza kuokoa programu moja au mbili zisifungwe. Kwenye GB 8 mimi huizima, nikabaki na nafasi ya picha. Pima marudio kabla na baada. Kila ukibadilisha, simu itataka kuwashwa upya, kwa hiyo ipe muda itulie kwanza.

*Nilinunua simu ya mkononi, iliyokwishatumika, RAM ya GB 8, lakini marudio yake ni sifuri. Hata kikokotoo kinaanza upya nikitoka sekunde mbili. Fundi anasema ni kubadilisha bodi. — Mwanachama, Arusha*

Mkuu, usitoe hela bado. Angalia kwenye Settings kama kuna sehemu ya Developer options. Sehemu hiyo hufichwa hadi mtu aguse Build number mara saba, kwa hiyo ukiikuta wazi ujue mwenye simu wa zamani alipita humo. Ndani yake kuna swichi iitwayo Don't keep activities, ambayo huwekwa kwa ajili ya watengenezaji wa programu na huvunja kila ukurasa mara tu unapouacha. Karibu nayo kuna Background process limit, ambayo inapaswa kusomeka Standard limit. Zirekebishe zote mbili, kisha urudie hatua ya tatu.

*Na sisi wa iPhone? — Mwanachama, Muscat*

Hatua ya tatu inafaa kama ilivyo, kwani iOS nayo hufunga programu zilizo nyuma inapohitaji nafasi. Hatua ya nne irukeni: kugawa skrini Apple iliiweka kwenye iPad mwaka 2015, na kwenye iPhone mnachopata ni video inayoelea, tangu iOS 14 ya mwaka 2020.

*Nimefuata hatua zote, mkuu. Jibu limekuja: ile simu imerekebika baada ya kuzima Don't keep activities. Sasa napata marudio sita baada ya kamera. Fundi nimwambieje? — Mwanachama, Arusha*

Msalimie tu.