Ncha za Nywele Zinazokatika Uingereza: Zitazame Kwanza, Usisaini

Nimelipa pauni 1,015 ili nijue tofauti kati ya unywele unaonyonyoka kichwani na unywele unaokatika nchani. Elimu hiyo ningeipata bure kwa kuinama juu ya sinki la bafuni mwangu na kuangalia kilichobaki kwenye kitana. Kwa kuwa nimeshalipa, nawaandikia Watanzania, Wakenya na jirani zetu wote wanaoishi Uingereza, hasa wale waliofika na nywele zilizojaa na ambao baada ya majira mawili matatu ya baridi wanaona misuko yao ikimalizikia kwenye mkia wa panya.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu mjini Reading. Juu kichwani nywele zilikuwa nene kama zamani, lakini kuanzia mabegani kwenda chini zilikuwa kavu, zenye rangi ya vumbi, na ukizishika mwisho wake unaona vidole vyako ng'ambo ya pili. Usiku mmoja niliingia kwenye intaneti, nikaona tangazo la kituo binafsi cha nywele kilichotoa ushauri wa bure, nikaweka miadi. Nilipokelewa na dada mwenye koti jeupe, akanipitishia kamera ndogo kichwani, ngozi yangu ikaonekana kwenye skrini kubwa kama ramani ya mbalamwezi, naye akasema kwa sauti ya huruma kwamba nywele zangu zinapungua na kwamba nikichelewa hazitarudi. Hakuzigusa ncha hata mara moja. Nusu saa baadaye nilikuwa nimetia saini kwenye kishikwambi: kifurushi cha vikao 12, pauni 145 kila mwezi kwa mwaka mzima, bila riba. Hesabu yake ni pauni 1,740, ingawa jumla hiyo hakuna aliyeitamka pale.

Nyumbani sote tunajua mambo yanavyokwenda. Msusi akikuharibia, unarudi keshoye, mnazozana kidogo mbele ya wateja, anakufumua na kukusuka upya au anakurudishia nusu. Hakuna karatasi. Nami nilidhani ni hivyo hivyo, kwa hiyo siku ya tatu, moyo ulipotulia, nilipiga simu kughairi. Nilijibiwa kwa adabu kubwa kwamba haiwezekani.

Naomba usome hapa taratibu, kwa sababu ndipo nilipoumia. Wengi wetu tumesikia kwamba Uingereza kuna siku 14 za kubadili mawazo. Ni kweli, lakini kanuni za mikataba ya walaji za mwaka 2013 zinampa siku hizo mtu aliyenunua kwa intaneti, kwa simu, au kwa muuzaji aliyemfuata nje ya duka. Ukiingia mwenyewe kwa miguu yako katika jengo la biashara na ukasaini humo ndani, siku 14 hazikuhusu, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeziandika. Mimi nilijitetea kwamba miadi niliiweka kwa intaneti. Haikusaidia, kwa sababu miadi si mkataba, na mkataba niliusaini nimekaa kwenye kiti chao. Ndiyo maana ushauri ni wa bure: wanachokitaka ni wewe uingie ndani.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Rafiki mmoja alinishauri niingie kwenye programu ya benki nifute yale makato ya kila mwezi, nikafuta, nikalala usingizi mzuri. Kufuta makato benki si kufuta mkataba. Nairudia, maana kila nikikutana na mgeni mpya namkuta anaamini kinyume chake: kufuta makato benki si kufuta mkataba. Miezi miwili baadaye nilianza kupokea barua za kampuni ya kukusanya madeni, kila moja ikiwa na maandishi mekundu zaidi ya iliyotangulia. Deni la namna hiyo likifikishwa mahakamani, ukahukumiwa kulilipa na usilipe ndani ya mwezi mmoja, hukumu hiyo hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo kwa miaka sita, na mwenye nyumba utakayetaka kupanga kwake ataiona kabla hajaiona sura yako.

Walioniokoa ni Citizens Advice, shirika la hisani la kushauri watu, ambao ushauri wao ni wa bure kweli kweli na hauna kamera. Walinisaidia kuandika barua inayotaja sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, inayotaka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, nikauliza ni kwa msingi gani mtu aliniambia nywele zinapungua bila kuzitazama urefu wake. Tulikubaliana na kituo nilipe miezi saba tuachane. Citizens Advice waliniambia pia jambo ambalo ningependa kulijua mapema: ukilazimika kulipia kitu cha zaidi ya pauni 100, lipa kwa kadi ya mkopo, kwa sababu kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 kinaibebesha kampuni ya kadi wajibu pamoja na muuzaji endapo umedanganywa au huduma haikutolewa ilivyoahidiwa. Mimi nilikuwa nimetoa namba ya akaunti ya benki.

Kwa hiyo usisaini siku ile ile. Wakikwambia bei ni ya leo tu, usisaini. Omba mkataba uje kwa barua pepe, uusome nyumbani ukiwa umevaa kanga, na kama wanakataa kuutuma umeshapata jibu lako. Na uangalie cheo kilichoandikwa mlangoni. Nchini Uingereza jina la trikolojisti, yaani mtaalamu wa nywele na ngozi ya kichwa, halilindwi na sheria, yeyote anaweza kujiita hivyo. Daktari wa ngozi ni jambo lingine, huyo lazima awe amesajiliwa na General Medical Council, baraza la kusajili madaktari, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye daftari lao bila malipo.

Ndugu zetu nyumbani nao wana mchango wao katika balaa hili, nasema kwa mapenzi. Mama mdogo alinipigia kutoka Tanga akaniambia niende nikaonane na meneja, nimweleze kwa unyenyekevu kwamba mimi ni mgeni. Mama mdogo, meneja hayupo. Kuna anwani ya barua pepe. Shangazi alinitumia chupa mbili za mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, yakafika Januari yamekuwa magumu kama sabuni ya mche, na binamu aliyeyaona kwenye video akaapa kwamba shangazi kachanganya na mafuta ya kupikia. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takribani nyuzi 24, na nyumba za huku huzifikii nyuzi hizo bila kulia siku ya bili. Yalikuwa safi kabisa. Ila hakuna mafuta, yawe ya nazi, ya mnyonyo au ya habasoda, yanayoweza kuunganisha ncha iliyopasuka, na wale wanaokutumia sauti za WhatsApp kukukataza usikate nywele eti utazipa nuksi wanakupotezea muda wako na urefu wako.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisaini haraka hivyo, mimi ninayeshindana bei ya nyanya. Nadhani ni kwa sababu kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amekiangalia kichwa changu. Nyumbani, jirani anakuona mlangoni na kukwambia, mwanangu, hizo nywele vipi, na mama asiyekujua kwenye daladala anaweza kukushika ncha na kukupa ushauri ambao hukuuomba. Mwingereza ana staha nyingi mno kwa hilo. Wenzangu kazini walinisifu nywele zangu kila Jumatatu, wakati kola ya koti langu imejaa vipande. Basi mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli nusu, nilimpa pesa zangu. Sisemi Waingereza ni wabaya. Nasema staha yao inakuacha peke yako, na kuna biashara zinazoishi hapo hapo penye upweke huo.

Aliyeniambia ukweli mzima ni msusi kutoka Bukavu, anayesukia kwenye chumba cha nyuma cha duka la vyakula vyetu. Alizigawa nywele, akazivuta polepole kati ya vidole viwili mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: "Mama, hizi nywele haziko zinatoka ku kichwa, ziko zinakatika ku chini." Alitandika kitambaa cheupe mabegani mwangu, akanichana, akanionyesha kilichoanguka. Kulikuwa na nywele mbili ndefu zenye kitone cheupe mwishoni, kidogo kama kichwa cha pini: hizo zilikuwa zimetoka na shina lake, na mtu mzima hupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kila siku bila kuwa mgonjwa. Vingine vyote vilikuwa vipande vifupi, vingine havifiki urefu wa kucha, bila kitone popote. Hivyo vimekatika. Alikata sentimita kumi kwa mkasi wa nywele, akanitoza pauni 25.

Jaribio hilo lifanye leo, juu ya karatasi nyeupe, kabla hujamwona mtu yeyote mwenye koti jeupe. Nywele hukua takribani sentimita moja kwa mwezi, zetu za mviringo kidogo chini ya hapo, kwa hiyo kama zako zina sentimita 30, ile ncha unayoilaumu ilitoka kichwani karibu miaka mitatu iliyopita, pengine kabla hujapanda ndege. Imeoshwa, imechanwa, imepigwa pasi, imefungwa na kufumuliwa mara zisizohesabika, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayaifikii kwa sababu yanakwama kwenye mizunguko ya nywele. Haina uhai wa kujiponya.

Kisha nenda jikoni ukafunue birika lako la umeme. Langu la Reading, baada ya mwezi mmoja, lina magamba meupe chini yanayokwaruza kijiko, kwa sababu maji ya bonde la mto Thames na ya London hupitia kwenye miamba ya chokaa. Dada yangu aliyeko Glasgow, ambako maji hutoka ziwa Loch Katrine na ni laini, anatumia birika lile lile la bei ile ile na ndani linang'aa kama siku ya kununuliwa. Madini hayo yanayokaa kwenye birika hukaa pia kwenye nywele: shampuu haitoi povu, nywele zinakwaruza zikiwa bado na maji, na mafuta unayopaka yanakaa juu kama kwenye sahani. Mimi na dada yangu tulilelewa na mafuta yale yale na mikono ile ile, lakini ncha zake hazikatiki. Dawa yake ni shampuu yenye EDTA, kemikali inayonasa madini, soma nyuma ya chupa, mara moja kwa mwezi na si zaidi, ikifuatwa na kondishena nzito. Kichujio cha bafuni kinachouzwa kwa mbwembwe mara nyingi huondoa klorini, na ile chokaa inabaki pale pale.

Mengine unayajua. Maji kwanza, kondishena isiyosuuzwa ifuate, mafuta yaje mwisho kufungia. Chana kuanzia nchani kwenda juu. Lala na kofia ya satini. Punguza ncha kila baada ya miezi mitatu, na usitumie mkasi wa jikoni. Suka na uzifiche ncha wakati wa baridi, kwa sababu hita ya ndani hukausha hewa na kofia ya sufu na kola ya koti husaga kila kinachoning'inia. Mimi kofia yangu nimeishonea bitana ya satini. Saluni za mitaa mikuu sasa zina wanafunzi wengi wanaofundishwa nywele zetu, tangu viwango vya taifa vya mafunzo viliporekebishwa mwaka 2021, lakini uliza kabla ya kukaa.

Kama karatasi yako nyeupe imejaa nywele zenye vitone, au utosi unaonekana wazi, au nywele za mbele zinarudi nyuma, au ngozi inauma, mkasi haukuhusu. Nenda kwa daktari wa familia. Kama unaishi kwa viza, huenda ulishamlipia: ada ya afya kwa watu wazima wengi wasio wanafunzi ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza tangu Februari 2024. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huonekana kwenye kipimo cha damu. Waliojifungua karibuni hunyonyoka nywele baada ya miezi michache na nyingi hurudi zenyewe. Lakini ipo aina ya upara inayoanzia utosini, inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, ambayo huacha kovu na ikichelewa nywele hazirudi. Daktari atakupa kama dakika kumi tu, kwa hiyo fika na picha za utosi zilizopigwa kila mwezi kwenye dirisha lile lile, nywele zikiwa zimefumuliwa, na ile karatasi yako ikunje uiweke kwenye bahasha uende nayo.